Eufrazia, Mpaka Nta wa Kurasini

Siku Eufrazia alipotolewa kwenye ufagio na kupewa kazi ya kung'arisha magari ya shirika, Mzee Sadallah alikuwa ameegemea Pijo aliyomwendeshea Meneja Mkuu, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Eufrazia akapita mbele yake na ndoo ya maji.

"Shikamoo, Mzee Sadallah."

Mzee akamtazama kuanzia kandambili hadi kilemba, kisha akageuzia uso upande wa bandari.

"Hili gari," akasema, bila kumtaja anayeambiwa, "halijawahi kuguswa na mwanamke. Na halitaguswa."

Eufrazia akatua ndoo. Angeweza kunyamaza, maana mzee alikuwa na umri wa baba yake. Lakini hakuumbiwa kunyamaza.

"Basi limeguswa na nani mpaka likawa na mabaka kama mbuzi mwenye ukurutu?"

Mafundi waliokuwa chini ya lori wakaangua kicheko. Mzee Sadallah hakucheka. Akatupa njiti yake, akaingia garini, akafunga mlango kwa kishindo. Uhasama wao ulianzia hapo, mwaka 1975, na karakana nzima ya Kurasini ikaujua kabla ya chai ya saa nne.

Eufrazia alikuwa Mmwera wa Ndanda. Utotoni alifanya kazi misheni, kwenye chumba cha kutengenezea mishumaa, ambako nta ya nyuki ilichemshwa, ikachujwa kwa kitambaa cha marekani, ikamiminwa. Iliyobaki walilainishia mabenchi ya kanisa. Bruda mmoja mzee, Mjerumani mwenye hasira za karibu, alikuwa na gari dogo alilolitunza kuliko afya yake, na yeye ndiye aliyemfundisha Eufrazia kwamba rangi ya gari ni ngozi. Ukiisugua ovyo inachubuka. Ukiiacha wazi juani inakauka na kufa. Kwanza usafi, halafu kivuli, halafu nta kidogo sana, halafu mkono ufanye kazi. Akikosea, Bruda alimpiga vidoleni kwa mpini wa brashi. Hakumpenda Bruda yule, lakini hakusahau alichofundishwa.

Akaja Dar es Salaam mwaka 1964 na mumewe, Alfonsi, aliyepata kazi ya ukuli bandarini. Wakapanga vyumba viwili Temeke, wakamzaa Anastasia, na Eufrazia akaajiriwa kufagia karakana ya shirika moja la umma lililokuwa na magari ishirini na mawili. Alifagia miaka saba. Siku moja mkuu wa karakana akamkuta amechutama kwenye mlango wa Landrova, anatoa madoa ya lami. Alidondoshea tone la mafuta ya taa kwenye pamba, akalifuta doa moja, akaosha palepale kwa maji na sabuni ya mche, akakausha, halafu akapitisha kipande cha nta alichokitoa kwenye pindo la khanga. Mkuu wa karakana akaupitisha mkono juu ya mlango ule, akaurudisha tena. Mwezi uliofuata Eufrazia akapewa ovaroli.

Madereva hawakuipenda ovaroli ile. Wao walikuwa na njia yao, na mwalimu wao alikuwa Mzee Sadallah: ndoo ya maji yenye sabuni ya unga mpaka povu limwagike, kisha tambara lililolowa mafuta ya taa, gari zima, kuanzia boneti hadi buti. Asubuhi gari liling'aa ungeweza kulifanya kioo cha kunyolea ndevu. Kufika adhuhuri vumbi la Barabara ya Kilwa limegandia kwenye mafuta, na lile tambara la kesho yake lililisugulia vumbi hilo ndani ya rangi. Tena Kurasini ni pwani: chumvi inakuja na upepo, na kunguru wanashinda juu ya paa wakishusha kinyesi kinachokula rangi kama tindikali. Eufrazia aliyaona yote hayo na akayasema yote, kwa sauti, mbele za watu. Hilo ndilo lililomponza.

"Mwanamke wa Kimakonde anatufundisha kuosha gari," Mzee Sadallah alikuwa akisema.

"Mie Mmwera," Eufrazia alikuwa akijibu. "Na ungejua kuosha nisingekufundisha."

Februari ya 1976, Ofisa Ugavi wa shirika akamwita ofisini. Jina lake Projestus, kijana wa Bukoba aliyetoka Mlimani na shahada, suruali ina mkunjo wa kukatia mkate. Mezani alikuwa amepanga vitu vitatu: chupa nyekundu ya dawa nzito ya maji, chupa ndogo ya mafuta mepesi yanayonukia ndimu, na kopo la bati lenye nta ngumu ya manjano.

"Mama Anastasia," akasema, "kibali cha fedha za kigeni kinaturuhusu kuagiza aina moja tu kwa mwaka huu. Mwongozo unasema mfanyakazi ashirikishwe. Haya, nakushirikisha. Ipi?"

"Nipe wiki tatu."

Projestus akainua nyusi. Alitegemea jibu la dakika moja.

Nyuma ya karakana kulikuwa na boneti ya gari lililopinduka Mlandizi, bado ina rangi yake nyeusi. Eufrazia akaiosha, akaigawa sehemu tatu kwa utepe wa gundi, akapaka kila dawa sehemu yake, akaiacha nje ipigwe na jua, chumvi na mvua za mwanzo. Kila asubuhi aliimwagia kikombe cha maji na kuchungulia yanavyokimbia. Madereva walimwona, wakamwita mganga. Hakujali.

Ile dawa ya chupa nyekundu iling'arisha upesi kuliko zote. Lakini aliposugua tone lake kati ya vidole viwili alisikia chenga, laini kama unga wa dona, na kitambaa cheupe alichopakia kiligeuka cheusi. Si uchafu, boneti ilikuwa imeoshwa. Ilikuwa rangi yenyewe. Dawa hiyo ina kazi yake, aliijua: rangi iliyochakaa na kufifia unaisugua mara moja, unatoa tabaka lililokufa, kisha unaifunika kwa nta. Ukiifanya chakula cha kila siku, unalila gari. Yale mafuta ya ndimu yalipendeza kuyatazama, ila mvua ya kwanza iliondoka nayo. Ile nta ya kopo ilimtoa jasho, bega zima likamuuma, kwa kuwa ilitaka kupakwa nyembamba, ingojewe ikauke mpaka ipige ukungu, ndipo isuguliwe. Lakini wiki ya tatu maji bado yalikuwa yanasimama juu yake vishanga vishanga na kuteleza chini bila kuacha doa.

Akaandika yote hayo kwenye kurasa tatu za daftari, kwa mwandiko wa darasa la nne la misheni, akampelekea Projestus. Projestus akazisoma amesimama.

"Hii nta yako inachukua muda gani kwa gari moja?"

"Saa mbili. Tatu ukiwa mwangalifu."

"Magari ishirini na mawili. Dawa ya maji dereva anapaka mwenyewe kwa robo saa."

"Nta inapakwa mara moja kwa miezi mitatu, ndugu. Nimehesabu, naweza peke yangu. Hiyo ya maji wataipaka kila siku kwa sababu ni rahisi. Mwaka huu watasugua rangi, mwakani watasugua bati."

"Nimeshaagiza," Projestus akasema.

Eufrazia hakuelewa mara moja. "Umeagiza lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Meli haikungoji wewe umalize kumwagia boneti maji."

"Sasa ulinishirikisha nini?"

Kijana akakaza uso. Akazichana zile kurasa, mara moja, mara mbili, akazidondosha kwenye kapu la taka huku akimtazama machoni. "Wewe ni mfagiaji uliyepandishwa cheo. Usinifundishe kazi. Toka."

Eufrazia akatoka. Mlangoni alikuwapo Mzee Sadallah, amekuja kuchukua karatasi ya petroli, na tabasamu lake lilionyesha kwamba hakukosa hata neno.

Katoni za chupa nyekundu zilifika mwezi wa nne, na kila dereva akapewa yake. Kwa wengi ilikuwa kama toi jipya, wakaichoka. Mzee Sadallah hakuichoka. Aliisugua Pijo ya Meneja Mkuu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na alihakikisha anaisugua mahali Eufrazia anapomwona, akipiga mbinja.

"Mzee, unalichuna gari," Eufrazia alimwambia mara ya kwanza.

"Wivu."

Mara ya pili hakumwambia. Na hapa ukweli lazima usemwe: Eufrazia alianza kungoja kwa hamu. Alizijua sehemu zitakazotangulia kufa, migongo ya boneti na kingo za milango, ambako rangi huwa nyembamba, na kila akipita alizitupia jicho. Zilipoanza kupauka alifurahi. Angeweza kwenda kwa Meneja Mkuu mwenyewe. Hakwenda. Alitaka waone.

Wiki moja kabla ya Saba Saba wakaona. Meneja Mkuu alikuwa anapokea wageni, akaagiza gari lisogezwe mbele ya ofisi, na pale kwenye jua la saa tano Pijo nyeusi ilionekana ina michirizi ya kijivu, rangi ya chini imejitokeza kwenye kingo zote mithili ya mifupa ya ng'ombe mwenye njaa. Akauliza kuna nini. Mzee Sadallah, aliyekuwa ameshika mlango, akajibu bila kumeza mate.

"Muulize yule mama wa nta, mheshimiwa. Anapakaga vitu vyake vya porini mie nikiwa sipo. Aliapa kuliharibu gari hili tangu alipokataliwa dawa yake."

Neno lililotoka ofisini mchana ule lilikuwa hujuma. Mwaka ule neno hilo halikuwa la mchezo. Watu waliachishwa kazi kwa neno hilo, wengine waliondoka nalo katikati ya askari wawili. Wanawake wa jikoni waliokuwa wakimbakizia Eufrazia ukoko wakaanza kumwekea sahani mwisho wa benchi.

Alfonsi alikuwa amezipata habari bandarini kabla mkewe hajafika nyumbani. Eufrazia alimkuta amekaa kizingitini, kofia mkononi.

"Kesho nenda kamwangukie Mzee Sadallah," akasema. "Mwambie umekosa."

"Nimekosa nini?"

"Sijui! Lolote! Umekosa adabu, hilo si uongo. Ulimtukana mzee mbele ya watu tangu siku ya kwanza. Ungenyamaza, leo tungekuwa hapa?"

"Ningenyamaza, ningekuwa bado nafagia."

"Afadhali mfagiaji kuliko mhujumu!" Alfonsi hakuwa mtu wa kupaza sauti, na alipoipaza ilimkwaruza. "Wakikufukuza, na mie watanitazama kwa jicho gani? Anastasia je, pale shuleni?"

"Kwa hiyo unaamini nimeharibu gari."

Alfonsi akaigeuzageuza kofia yake. "Mie naamini una roho ngumu," akasema. Wakala ugali wao kila mtu ameelekea ukuta wake.

Kamati ya wafanyakazi ilikaa Alhamisi saa nne asubuhi, uani, chini ya banda la mabati. Mwenyekiti alikuwa Mwinjuma, fundi wa kuchomelea, mtu mnene mwenye macho mekundu kwa kazi yake. Projestus alikaa pembeni na faili. Mzee Sadallah alivaa kanzu safi kama anakwenda Idi. Wafanyakazi wote walisimama kuwazunguka, na Pijo ililetwa katikati ionekane.

Sadallah akasema yake. Projestus akasema kwamba dawa iliyoagizwa ni ya kiwango cha kimataifa na kwamba hakumbuki kupokea ripoti yoyote ya maandishi. Eufrazia akataja ile boneti ya majaribio. Watu wawili wakaenda nyuma ya karakana, wakarudi mikono mitupu. Ilikuwa imekatwa vipande vya kuzibia mabati. Nani aliikata, hakuna aliyejua.

"Una la kusema, ndugu Eufrazia?" Mwinjuma akauliza.

"Sina la kusema. Nataka ndoo ya maji, sabuni ya mche, na vitambaa vyeupe viwili. Na nataka Mzee Sadallah aoshe mlango huu mmoja kwa mkono wake. Mie nisishike, wasije wakasema nimepaka uchawi."

"Mie sioshi kwa amri ya—"

"Osha, mzee," Mwinjuma akamkatiza. "Tumechoka kusimama."

Mzee akakunja mikono ya kanzu, akaosha mlango wa nyuma, akaukausha. Eufrazia akamwomba Mwinjuma aufute kwa kidole chake. Kidole kikatoka safi. Ndipo akamwaga dawa ya chupa nyekundu kwenye kitambaa cha kwanza na kumpa Mwinjuma asugue. Mwinjuma akasugua kwa nguvu za mtu aliyezoea chuma, akakigeuza kitambaa. Kilikuwa cheusi tii. Kwenye ukingo wa mlango kijivu kilikuwa kimeongezeka, kila mtu anaona. Kisha Eufrazia akatoa kwenye ovaroli lile kopo la sampuli, akachota nta kwa kitambaa cha pili, akampa tena. Mwinjuma akasugua upande mwingine wa mlango, akasugua, akakigeuza. Kilikuwa na manjano ya nta, basi.

"Vitu vyangu vya porini hivyo," Eufrazia akasema. "Kopo alilileta Ofisa Ugavi. Sasa aseme rangi ya gari imekwenda wapi. Iko kwenye matambara ya Mzee Sadallah. Nendeni mkayatazame, ameyaanika pale kwenye waya tangu jana."

Watu wote wakageuka. Matambara sita yalikuwa yakipepea, meusi.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Sadallah aliushusha mkono wa kanzu polepole, na kwa mara ya kwanza Eufrazia akamwona ni mzee kweli, shingo imelegea. Alipaswa kumwonea huruma. Badala yake akajisikia anasema, "Leo nani mbuzi?"

Lilikuwa kosa, na alilijua neno likiwa bado mdomoni. Minong'ono iliyokuwa ikimwelekea Projestus ikageuka kumrudia yeye. Mwanamke gani huyu? Mzee ameshaaibika, anataka nini tena? Mwinjuma akafunga kikao.

Barua ilikuja baada ya siku nne. Shutuma ya hujuma imefutwa. Hata hivyo, kwa ajili ya kudumisha umoja mahali pa kazi, ndugu Eufrazia anahamishiwa bohari ya magunia, kazi ya usafi. Projestus alipata uhamisho wa kwenda mkoani, akiwa na cheo kikubwa zaidi. Mzee Sadallah akabaki na funguo zake. Chupa nyekundu zilizobaki ziliendelea kutumika hadi zilipokwisha, maana kibali cha mwaka kilikuwa kimeshaliwa.

Eufrazia akaisoma barua, akaikunja, akaenda kufagia magunia. Miaka miwili alifagia, akikohoa vumbi la pumba. Alfonsi alimwambia mara moja tu kwamba amekosea kumshauri apige magoti. Alilisema anafunga kamba ya kiatu, bila kuinua kichwa, na Eufrazia akalipokea hivyohivyo. Nyumbani kukapoa kidogo.

Mwaka 1978 Pijo ile ilipakwa rangi upya, na nusu ya magari mengine yalikuwa yanangoja foleni. Ofisa Ugavi mpya, Adelard, mtu wa makamo asiyependa maneno, akaja mwenyewe bohari.

"Wananiambia wewe unajua nta."

"Wanakuambia na mengine pia."

"Wananiambia. Utarudi?"

Eufrazia akaegemea ufagio. "Nitarudi kwa masharti. Kabati la dawa ufunguo wake nikae nao mie. Dereva asiguse rangi, aoshe tu, tena kwa sabuni ya mche. Na ile dawa ya kusugua ikiagizwa, ikae kwangu, niitoe mie, kwa gari nitakalolitaja mie."

"Na Mzee Sadallah?"

"Yeye aendeshe."

Akarudi. Nta ya kopo ilipatikana mwaka mmoja, ikakosekana miaka mitatu. Nchi ilikuwa imetoka vitani, hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Eufrazia akaagiza nta ya nyuki kwa watu wa Tabora, akaiyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, akaitia tapentaini aliyoipata kwa maseremala. Ilikuwa ngumu kuliko ya kopo, na ilinuka, lakini maji yaliteleza. Madereva vijana walijifunza kwake, wakamwita Mama Nta, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Alizijua sauti zote mbili.

Na Mzee Sadallah? Kila baada ya miezi mitatu alileta gari kivulini, akazima injini, akashuka, akaenda zake kuvuta sigara upande wa pili wa ua hadi kazi iishe. Miaka sita. Hakusalimia, wala Eufrazia hakumpa tena shikamoo yake. Gari likiwa tayari, mwanamke aligonga kitako cha ndoo mara mbili, mzee akaja akaliondoa.

Mwaka 1984 mzee alistaafu. Wafanyakazi walimwandalia pilau na soda chini ya lile banda. Eufrazia alikuwa anamalizia buti la Pijo aliposikia hatua nyuma yake.

Mzee Sadallah aliinama akatazama mlango, mikono nyuma. Alitazama muda mrefu.

"Huku nyuma umepaka nene mno," akasema.

"Umenizibia mwanga," Eufrazia akasema, bila kuacha kusugua.

Mzee akasogea pembeni, mwanga ukarudi. Akasimama pale kidogo, kisha akaenda kwenye pilau lake. Eufrazia hakwenda. Alikuwa na Landrova mbili zinamngoja, na jua lilikuwa linakaribia kuingia kivulini.